Barua ya wazi kwa wakubwa wetu: Mahjub bin Adam ni mtoto wa Dar, mtambueni

Kwa waheshimiwa mnaosimamia elimu na utamaduni Tanzania, kwa wakubwa wa Jiji la Dar es Salaam, kwa ubalozi wetu hapa Berlin, na pia kwa wakuu wa Chuo Kikuu cha Humboldt maana najua hapo kwenu wapo wanaosoma Kiswahili vizuri tu.

Shikamooni.

Naandika usiku, nimetoka kufundisha, mnisamehe kama barua itakuwa ndefu na maneno yatakimbizana, hili jambo nimelibeba kifuani kama miaka mitatu sasa na nimechoka kulibeba peke yangu. Mimi nimezaliwa Ilala, nimesoma hukohuko mpaka digrii, halafu maisha yakanileta Ujerumani, na jioni mbili kwa wiki nafundisha Kiswahili watu wazima, wengine wameoa kwetu, wengine wanataka kupanda Kilimanjaro waweze kuongea na wapagazi wao. Ndo kazi inayoniweka mjini. Na ndo maana huyu Mahjub alinishika vile.

Brunnenstraße namba 193, katikati ya Berlin, kuna kijiwe kimechimbiwa pale wanapopita watu kwa miguu, sentimita 10 kwa 10, juu kina bamba la shaba ya njano. Vijiwe hivi hapa vipo vingi sana, kila kimoja kimewekwa mbele ya nyumba alikokaa mtu aliyeteswa na Manazi. Siku hiyo nilikuwa nawahi treni, mvua imetoka kunyesha, nikawa nimeshakipita hatua mbili hivi ndo akili ikaniambia umeona neno "bin" pale chini. Nikarudi. Nikachuchumaa na begi langu mgongoni, nikafuta tope kwa kiganja, likatokea jina: Mahjub bin Adam Mohamed. Mwaka 1904. Mama mmoja na mbwa wake akasimama akaniuliza kama nimeanguka, nikamwambia hapana, nikashindwa kuendelea, maana ningemwambia nini, kwamba nimekutana na mtu wa kwetu chini ya miguu ya watu?

Treni ilinipita. Nilikaa pale mpaka mikono ikafa ganzi.

Wakubwa zangu, mi nimesoma historia. Nimekariri Mkutano wa Berlin 1884, nimekariri Kinjekitile na Ngarambe, nimekariri Lettow-Vorbeck, yule mkuu wa jeshi la Mjerumani kwetu, na vita vyake. Hilo jina sikuwahi kulisikia darasani hata siku moja, wala katika kuzunguka kwangu kote Dar tangu utoto sijakutana nalo ukutani, kwenye kibao, popote. Kwahiyo kabla sijasema ninachokiomba niruhusuni niwaeleze huyu ni nani, maana naamini hata baadhi yenu ndo mnamsikia leo.

Mahjub alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904. Baba yake alikuwa Msudani, askari wa Mjerumani mwenye cheo cha efendi, ndo hilohilo neno lililobaki kwetu kama "afande", tunalitamka kila siku tukisimamishwa na trafiki. Mtoto akapelekwa shule ya Kijerumani, akaijua lugha vizuri, na alikuwa hajafika hata miaka kumi alipoanza kufanya kazi ya ukarani kiwandani kule Lindi. Fikirieni mtoto wa darasa la tatu wa leo. 1914 vita ikaingia, baba na mwana wote wakaingia jeshini, yeye akiwekwa upande wa kujifunza kupeleka ishara. Miaka kumi! Oktoba 1917 alikuwepo kwenye mapigano ya Mahiwa, kulekule kusini nyuma ya Lindi, mapigano mabaya kuliko yote ya vita ile upande wetu, akajeruhiwa, halafu Waingereza wakamkamata akawa mateka. Ana miaka 13. Baba yake hakurudi kwenye hiyo vita. Kwahiyo wanaposema Mahjub alifia mikononi mwa Manazi waliomfunga kwenye vita ya pili, mjue ile ilikuwa mara ya pili kufungwa, ya kwanza ilimkuta ndevu hazijaota.

Baadaye akawa anafanya kazi melini, anahudumia abiria, na mwaka 1929 akashuka Ujerumani akaenda Berlin kwa sababu moja tu, na hapa naomba msome polepole. Alienda kudai mshahara. Mshahara wake wa vita na mshahara wa marehemu baba yake, ambao walikuwa hawajalipwa. Akaenda wizarani na madai yake, akajibiwa kwamba muda umepita, umechelewa. Mtu amevuka bahari, baba yake kafa kwa ajili yenu, yeye mwenyewe ana kovu la vita yenu, mnamwambia amechelewa. Mi kila nikifika hapo kwenye habari yake nasimama kwanza.

Angeweza kurudi. Hakurudi, akabaki Berlin akapata kazi ya kuhudumia mezani kwenye jumba kubwa la starehe lililoitwa Haus Vaterland pale Potsdamer Platz, na tarehe 27 Januari 1933 akamuoa Maria Schwandner, mwanamke wa Kijerumani kutoka upande wa Bohemia. Hitler akaapishwa ukansela tarehe 30. Siku tatu! Hawajamaliza hata kupokea pongezi za harusi.

Na kabla ya hapo, kuanzia 1931, alikuwa ameshaanza kufundisha Kiswahili chuo kikuu, hichohicho ambacho leo ni Humboldt. Hapa ndo penyewe kwangu. Hakupewa uprofesa wala cheo cha maana, alikuwa msaidizi, maprofesa wakieleza ngeli na vitenzi kwenye ubao yeye ndo anawapa wanafunzi mdomo, anawafundisha kutamka na kuongea kama mtu wa pwani anavoongea. Mtu ambaye hajawahi kufundisha lugha anaweza kuona ni kazi ndogo. Mi nafanya kazi hiyohiyo, nawaambia sio ndogo. Mjerumani kumfundisha "ng'ombe" bila kuweka g nzito inachukua jioni nzima, unashika koo lako mwenyewe umuonyeshe sauti inatokea wapi, unarudia mara ishirini, mpaka siku anaipata anacheka kama mtoto na wewe unasikia kama umerudi kwenu kwa sekunde moja. Naamini Mahjub alizijua hizo sekunde. Karibu miaka kumi mtu wa Dar amekaa kwenye kile chuo anatoa sauti ya nyumbani, na wengi waliokuwa wanamsikiliza walikuwa wanataka hiyo lugha ili siku moja warudi kututawala tena. Alikuwa analijua hilo bila shaka. Alikuwa na watoto wa kulisha.

Na hakuwa wa kwanza. Kabla yake alipita hapo Amur bin Nasur wa Zanzibar, akapita Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye wanafunzi wa Kijerumani walimvunjia heshima kwa rangi yake mpaka akaacha kazi, akataka kurudi nyumbani na mke wake Mjerumani, wakakatazwa kushuka melini Dar es Salaam. Amefia hapahapa Berlin 1927. Miaka miwili baadaye ndo Mahjub anafika. Yaani Kiswahili kimekuwa kikifundishwa Berlin tangu 1887 na nyuma ya wale wakubwa wa vitabu walikaa watu wetu, mmoja baada ya mwingine, wanaazima midomo yao.

Manazi waliposhika nchi mambo yakaanza kumbana taratibu. 1934 aliomba ile nishani ya waliopigana mstari wa mbele, wakamnyima. 1935 akafukuzwa kule Haus Vaterland baada ya wenzake kumsema. Akawa anazunguka na onyesho lililoitwa Deutsche Afrika-Schau ambako Waafrika na watoto wao waliwekwa wacheze ngoma Wajerumani watazame. Akawa anaigiza filamu pia, zaidi ya 20, vijisehemu vya mtumishi, mpagazi, mlinzi mlangoni. Watoto wake wawili aliozaa na Maria walikufa wadogo, Ahmed mwaka 1938, Annemarie 1939. Baba anatoka kuzika anaenda studio kuvaa kanzu ya kuigiza na kubeba sinia. Sijui niseme nini hapo.

Filamu yake ya mwisho ni ile ya Carl Peters, ya 1941. Carl Peters mnamjua, yule Mjerumani aliyeanzisha ukoloni wao kwetu, ndo yule bibi zetu walimwita Mkono wa Damu. Mahjub akapewa nafasi ya mwongoza njia wa Peters, na ndo nafasi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Mwaka huohuo aliacha kazi ya chuo, na mwaka huohuo akapata uhusiano na mwanamke mwingine wa Kijerumani. Alikuwa na mke, na mimi simtakasi, lakini kwenye nchi ya watu wenye akili hilo linabaki jambo la mtu na mkewe. Wao waliliita kuchafua damu. Gestapo, polisi wa siri wa Manazi, wakamkamata. Hakuna kesi, hakuna hakimu, hakuna hukumu, tarehe 27 Septemba 1941 akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, hapo Oranienburg, kaskazini kidogo mwa Berlin, ambako watu zaidi ya 200,000 walifungwa mpaka vita inaisha. Akakaa miaka mitatu na karibu miezi miwili. Tarehe 24 Novemba 1944 akafa. Alikuwa na miaka 40. Mtoto wake mwingine wa kiume, Bodo, aliuawa na mabomu ya ndege 1945.

Nimeenda Sachsenhausen mara mbili. Mara ya kwanza nilirudia getini, sikuweza. Mara ya pili niliingia, ilikuwa mwezi wa kumi na moja makusudi, nikasimama kwenye ule uwanja waliokuwa wanahesabiwa asubuhi na jioni. Ni mkubwa sana na hauna kitu cha kukinga upepo. Nilikuwa na koti zito, glovu, kofia ya sufu, chupa ya chai, na baada ya dakika kama ishirini taya zilikuwa zinagongana. Nikamfikiria mtu aliyezaliwa Dar mwezi wa pili, mwezi ule wa joto ambao hata usiku shuka linakuwa zito.

Sasa najua kuna watakaosema, na kwenye kuongea na ndugu zangu nimeshalisikia, kwamba huyu si alikuwa askari wa mkoloni, mbona tumuenzi, si msaliti. Nalijibu bila kukwepa. Ni kweli alivaa ile sare, na hata ukubwani aliivaa tena kwenye mikutano ya Wajerumani waliokuwa wanalilia makoloni yao, na ni kweli 1939 alijaribu kujitolea jeshini wakamkataa. Msifiche hata moja katika hayo. Lakini alivalishwa ile sare ana miaka kumi! Leo mtoto wa miaka kumi akipewa bunduki Kivu tunasema ameibiwa utoto wake na tuko sahihi, kwanini huyu wa kwetu tumwite msaliti? Na huyo mtu mzima aliyekuwa anapeperusha bendera ya Mjerumani, mi namuona ni mtu mweusi peke yake kwenye mji wa Manazi anatafuta kila karatasi itakayosema huyu ni wetu msimguse. Haikumsaidia. Lile sanamu la Askari pale Samora liko tangu 1927, limewekwa na Muingereza kuwakumbuka waliopigana na kubeba mizigo upande wake, Kariakoo yenyewe jina lake limetoka kwa wale wabeba mizigo, na hatujalivunja, tunapita hapo kila siku na daladala zetu. Tumeweza kuishi na hiyo historia, tushindwe kuishi na ya Mahjub?

Halafu angalieni wenzetu. Novemba 2023 rais wa Ujerumani alikuja mpaka Songea akaomba msamaha kwa yale ya Maji Maji. 2024 hapa Berlin ule mtaa uliokuwa unabeba jina la Peters umebadilishwa, kipande chake kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee, nimepita hapo nimepiga picha nikamtumia mama. Kijiwe cha Mahjub kiliwekwa 2007. Kuna Wajerumani wameandika juu yake, wametengeneza filamu juu yake, kuna wanaokuja kukisugua kijiwe kila mwaka king'ae. Nawashukuru kwa moyo wote. Lakini siku zote nilizokwenda pale, na nimekwenda nyingi, sijamkuta hata mmoja anayeweza kulitamka jina lake linavotakiwa. Wanasema "Majup". Mimi ndo huwa nawasahihisha, na kila nikisahihisha nasikia aibu kwamba niko peke yangu.

Kwahiyo naomba, na naomba kwa heshima.

Waheshimiwa wa elimu, mtieni kwenye kitabu cha historia. Sio sura nzima, ukurasa mmoja tu unatosha, mtoto wa sekondari akisoma Vita ya Kwanza na ya Pili aone kuna mtu mmoja, mtoto wa Dar, aliyepita ndani ya zote mbili na zikammaliza. Sisi tulifundishwa vita ya Hitler kama jambo la mbali kabisa, la wazungu na ndege zao. Ningejua hili nikiwa na miaka 15 ningesoma kwa macho mengine.

Waheshimiwa wa Jiji, mpeni mtaa. Au darasa, au chumba cha maktaba, mahali ambapo mtu atauliza huyu Mahjub bin Adam ni nani na muuza kahawa wa jirani amjibu. Niliwahi kuandika kuhusu hili kwa ofisi moja, sitaitaja, nikajibiwa nipeleke kwa idara husika, nikapeleka, idara husika ikanirudisha kwa ileile ofisi ya kwanza. Ndo maana leo naandika wazi.

Ubalozi wetu hapa, kila tarehe 7 Julai tunasherehekea Siku ya Kiswahili Duniani, tunavaa khanga, tunakula pilau, tunasoma mashairi, na mimi huwa nafurahi sana. Mwaka huu kabla ya pilau naomba tusimame dakika moja kwa walimu wetu wa kwanza katika mji huu, Amur, Mtoro na Mahjub, watajwe majina yao matatu kwa sauti mbele ya wageni. Haina bajeti hiyo. Nitaandaa mimi maneno kama hamna mtu.

Na nyie wakuu wa chuo, mnaendelea kufundisha Kiswahili mpaka leo na nawapongeza. Naomba chumba kimoja kinachofundishiwa Kiswahili kiwe na jina lake mlangoni, na naomba mwanafunzi wa siku ya kwanza kabisa, kabla hajafundishwa "hujambo", aambiwe nani alikaa hapa akiwafundisha watu kutamka na mwisho wake ulikuwaje. Wanafunzi wangu huwa nawaambia. Darasa linakuwa kimya, halafu wanajifunza kwa adabu zaidi, nimeliona kwa macho yangu.

La mwisho ni la mshahara, na hili naliweka kwa serikali zote mbili. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali wale askari wazee waliokuwa bado hai Tanganyika walipwe malimbikizo yao. Kwahiyo deni lilikuwa ni deni kweli, na lile jibu la "umechelewa" la 1929 halikuwa na uhalali wowote. Mahjub alikuwa ameshakufa miaka 20. Naomba hiyo hela ipigiwe hesabu, yake na ya baba yake, kwa thamani ya leo, hata ikitoka ndogo, itangazwe na itolewe, ifadhili mtoto mmoja wa Lindi au Dar aje asome hapa. Aje na viza yake safi na karatasi zake zote, asimbembeleze mtu.

Amezikwa hapahapa Berlin, upande wa Reinickendorf. Tarehe 24 Novemba nitakuwa makaburini hapo saa tano asubuhi, na wanafunzi wangu sita wameshasema watakuja, tutasoma Fatiha, nimewafundisha na wao kuitikia Amin. Nitabeba thermosi ya chai ya tangawizi na vikombe kumi na tano. Mkimtuma mtu yeyote kutoka ofisi zenu, hata awe dereva, atatukuta.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa Kiswahili wa jioni, Berlin